Barua ya Mashimo Yote

Mimi mtu akiniambia shimo ni shimo tu, nagombana naye. Sijali kama ni bosi, sijali kama ni mgeni wangu na wali nimempikia. Hapa Dodoma siku hizi ardhi yote imefunuliwa. Toka Ihumwa kwenye reli hadi Kizota kwenye magereji, kila unapogeuka kuna mtu anachimba: huyu msingi, yule karo, wale mtaro wa bomba ambao wataufukia nusu na kuiacha nusu ituvunje miguu. Na wote hao, wasomi kwa wasio wasomi, wana neno moja tu mdomoni. Kuna shimo pale. Angalia shimo. Mwenzangu mmoja ofisini, mwenye shahada mbili, siku tuliyotoka kumzika mfanyakazi mwenzetu aliniambia eti shimo lilikuwa limechimbwa vizuri. Nikamwuliza, shimo gani? Tumezika mtu au tumetupa taka? Alinipita bila salamu wiki nzima.

Ukali huu nimeurithi kwa mama yangu. Yeye hajui kusoma, Kiswahili alijifunzia mnadani na Kirangi ndicho anachoota nacho, lakini kwenye mambo ya kuchimba hakosei neno. Kwetu ni upande wa Kondoa, vilimani, kwenye mto ambao kwa wageni si mto. Mvua zikinyesha unapita wiki chache, unang'oa miti, halafu unakauka na kubaki barabara pana ya mchanga mweupe. Maji hayajaondoka. Yamelala chini ya mchanga, na wanawake wa kwetu wanajua wapi.

Lile bonde lililoliwa na mvua, mama analiita korongo, na analisema kwa chuki kwa sababu lilikula shamba la baba yake. Pale wanapokunywa ng'ombe, palipochimbwa na watu wengi na kuwekewa tuta, ni lambo. Kaburini kuna mwanandani, pale panapolazwa maiti, na ole wake atakayekosea kuuchimba. Watoto wakichimba vijishimo vya kuchezea bao anapita akiwakumbusha wafukie, kuku wasivunjike miguu. Lakini kile anachokichimba yeye mtoni kila mwaka baada ya mavuno, kwa jembe na kwa mikono, mpaka mchanga unalowa na maji yanajikusanya taratibu, hicho ni kisima. Hata kama hakina ukuta. Hata kama mvua za mwaka unaofuata zitakifuta kisionekane.

Nilipokuwa msichana nilimbishia. Nilikuwa nimeanza sekondari na nilijua kila kitu. Nikamwambia, mama, kitabuni kisima kina matofali na kamba na ndoo, hiki chako ni shimo. Hakukasirika. Alikuwa ameinama anachota kwa kata. Akasema, "Shimo ni lile aliyelichimba ameondoka." Akaendelea kuchota.

Visima vile vina adabu zake, na afadhali uzijue kabla sijaendelea. Kila mwanamke ana mahali pake mtoni na hapahami. Mama alipapata kwa mama mkwe wake, mkabala na jiwe jeusi. Akishakichimba anakizungushia matawi ya mgunga yenye miiba ili mbuzi wasiingie. Maji ya kwanza ya asubuhi hayanywewi, yanamwagwa pembeni. Ukitaka kuchota kwa mwenzako unapiga hodi, hata kama mwenyewe hayupo, hata kama hakuna anayekusikia. Na ukikichafua kisima cha mtu, kwa mfugo wako au kwa uzembe wako, huombi radhi kwa mdomo. Unamchimbia kingine kwa mikono yako, na yeye anakaa pembeni anakutazama mpaka maji yatoke.

Kuna methali inasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Naichukia. Bila shaka huingia mwenyewe! Nani mwingine ataingia kukizoa matope? Aliyeitunga alikuwa mtu wa kuletewa maji mezani.

Basi, malori yakaja. Dodoma inajengwa, na nyumba haijengwi bila mchanga. Yalianza yakiwa machache, yakija na vijana wenye makoleo. Baadaye kikaja na kijiko, lile dude la kuchimbia lenye mkono mrefu, na mahali ambapo kijiko kimepita hapafanani tena na kitu. Walichimba katikati ya mto, chini kidogo ya visima vya akina mama, wakashuka hadi kwenye udongo mgumu. Walipomaliza waliondoka, wakaacha shimo ambalo nyumba yangu ingeweza kuingia na paa lake. Mashimo mengine matatu madogo wakayaacha huku na huku. Ng'ombe wa jirani akatumbukia, akachinjwa humo humo ndani kwa sababu hakukuwa na namna ya kumtoa. Maji ya visimani nayo yakaanza kushuka, yanakimbilia kule kwenye shimo kubwa, na kule yanakuwa ya kijani.

Nami sitajifanya malaika. Nyumba yangu ya Miyuji, huku mjini, imepigwa lipu kwa mchanga wa mto. Wa mto upi sikuuliza. Lori lilikuja, likamwaga, nikasaini, fundi akaendelea.

Mama alinipigia simu asubuhi moja nikiwa kazini. Mimi ni katibu muhtasi. Zaidi ya miaka ishirini nimeandika barua za wakubwa, na wakubwa wamesaini kama vile wameandika wao. Kijijini wanajua hivyo. Kwa hiyo wakakubaliana kwamba barua ya kulalamika iandikwe na mimi, watu wa ofisini wakiona imeandikwa na mtu wa ofisini watashtuka. Mama akanipa maneno yake.

"Andika hivi," akasema. "Shimo la lori lililo chini ya mkuyu, lile kubwa lililoua ng'ombe, lifukiwe. Shimo la lori lililo karibu na njia ya shule, lifukiwe. La tatu liko kwenye kona..."

"Mama, nimeelewa."

"Hujaelewa, sijamaliza. Halafu andika, visima vya kina mama viko upande wa juu wa mkuyu, mto unakotoka, ni kumi na kimoja, vina miiba, visiguswe. Andika na jiwe jeusi."

"Mama, barua za ofisini haziandikwi hivyo. Wakubwa hawasomi marefu. Niachie mimi."

Nilikuwa nimeshaanza kutazama saa. "Haya," akasema, "wewe ndiye uliyesoma."

Nikaandika. Barua nzuri, mistari minane, imenyooka, haina neno la ziada. Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba mashimo yote yaliyochimbwa ndani ya mto yafukiwe bila kuchelewa, kwa usalama wa wananchi na mifugo. Niliisoma mara mbili na nikajisifu. Hilo neno "yote" nililiweka makusudi, ili wasije wakafukia moja na kupiga picha. Nikaituma kwa basi. Mwenyekiti wa kijiji akawasomea, watu wakaweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mama aliweka dole gumba. Alisikia "mashimo yote" na hakushtuka, maana kwake mtu hawezi kukiita kisima chake shimo, tena mtu aliyenyweshwa maji yake.

Sasa, nani asiyejua ofisi zetu? Barua hukaa. Barua huzaa barua. Unaambiwa faili halionekani, njoo Jumatatu, mhusika yuko semina. Nimefanya kazi humo, najua. Mara hii, sijui ni shetani gani aliyewaamsha, walitekeleza ndani ya mwezi. Waliteremsha buldoza na malori ya kifusi siku ya mnada, siku ambayo kijijini hakubaki mtu isipokuwa wagonjwa na kuku. Akina mama walirudi jioni na chumvi yao na sabuni yao, wakaenda mtoni kuchota ya kupikia, wakakuta mto umesawazishwa kama uwanja wa mpira. Matawi ya mgunga yalikuwa yamesukumwa pembeni kwenye lundo moja.

Kilichojazwa si mchanga. Ingekuwa mchanga wangechimba upya na maneno yakaisha. Walijaza kifusi chekundu, udongo mfinyanzi wa kando ya barabara, wakaushindilia kwa lile buldoza mpaka ukashikana.

Na lile shimo kubwa lililoua ng'ombe? Liko palepale. Halikuguswa.

Niliposikia, nilitoka ofisini bila ruhusa. Mama hakunipigia, ni jirani yake aliyenipigia, akasema tu, "Dada, njoo uone barua yako." Sikuenda kijijini kwanza. Nilikwenda kwenye ofisi iliyopelekewa ile barua, kugomba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mimi nikipanga maneno huwa hayabaki. Afisa mwenyewe nikamkuta kijana, mpole, akasimama na kuniamkia shikamoo, jambo lililonikera zaidi kwa sababu ni vigumu kumtukana mtu aliyekuamkia.

Nikamwambia wamewaua mama zetu kwa kiu. Nikamwambia hata nyani anajua tofauti ya kisima na shimo. Nikamwambia na mengine. Alisubiri nimalize, akafungua kabati, akatoa faili. Kumbe faili huonekana wanapotaka.

"Soma mwenyewe, mama," akasema.

Ilikuwa barua yangu. Chini yake majina, na chini ya majina yale madole ya wino. Neno "yote" lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Tulikwenda na orodha," akasema yule kijana, bila kejeli yoyote, na ningemshukuru angenikejeli. "Tulihesabu mashimo kumi na manne ndani ya mto. Kumi na manne tumefukia. Wananchi wenyewe ndio walioomba."

"Na lile kubwa?"

"Lile lina maji, mama. Lile tumelisajili kama lambo la mifugo. Lambo halifukiwi."

Jamani. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti. Kumbe maneno wanayajua! Kazi ya mama zetu, ya jembe na kata na miiba, waliita mashimo hatarishi, na uchafu walioacha wenye malori ukapewa jina la heshima na namba kwenye daftari. Aliyechimba kwa kijiko na kukimbia, shimo lake limeitwa lambo. Hasira yangu ilikuwa ya haki na hadi leo ni ya haki, sitaki mtu aniambie nipunguze. Lakini nilipotaka kuendelea kugomba, mbele yangu ilikuwepo ile karatasi, na mwandiko wa mashine wa mtu yeyote unafanana isipokuwa mimi naujua wangu. Naacha nafasi mbili baada ya nukta. Walinifundisha hivyo chuoni.

Sikumwambia kuwa mimi ndiye niliyeandika. Hilo nalo nalisema leo, sikulisema siku ile.

Keshoye nikapanda basi. Nilifika kijijini adhuhuri na nikawakuta akina mama wote kumi na mmoja mtoni, wamekaa kwenye ukingo kivulini, kila mmoja na ndoo yake tupu. Nikawaamkia. Wakaitika marahaba, wakaitika vizuri, hakuna aliyenigeuzia uso. Nikaanza kuwaeleza habari ya ofisi, jinsi nilivyomfokea yule afisa, jinsi nitakavyoandika barua nyingine, kali zaidi, hadi kwa wakubwa wa juu kabisa. Nilizungumza sana. Waliniacha nizungumze.

Nilipomaliza, mzee kuliko wote miongoni mwao, mwanamke anayetembea kwa fimbo, akamtazama mama yangu. Mama akatikisa kichwa kidogo tu, kukubali. Kisha yule bibi akauvuta mguu wake, akachukua jembe lililokuwa pembeni, akaniwekea mbele.

Nilimtazama mama. Nilitegemea aseme neno. Mimi ni mwanawe wa pekee aliye hai, nina miaka hamsini na mbili, nina presha, nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Mama alisogea akakaa mkabala na jiwe jeusi, akakunja miguu, akanitazama kama desturi inavyotaka.

Nikavua viatu.

Sijawahi kuchimba vile. Kifusi kile hakikatiki, kinabanduka vipande vipande kama ugali uliolala. Hadi alasiri nilikuwa nimefika magotini. Viganja vilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, nikafunga leso nikaendelea. Nililia pia, siwezi kukataa, na katika kulia nilikuwa namlaani yule afisa, nawalaani wenye malori, namlaani fundi wangu wa lipu, mmoja baada ya mwingine. Akina mama walisikia, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Mmoja aliniletea uji wa mtama. Mwingine alinifundisha kushika jembe karibu na chuma ili mgongo usiume. Walinihurumia, hilo liko wazi, ila hawakuinuka kunisaidia, kwa sababu desturi si adhabu ya kugawana.

Siku ya pili nilifika kiunoni na nikaupata mchanga. Nikapiga kelele ya furaha kama mtoto. Mama akashuka, akapiga magoti, akachota konzi moja ya ule mchanga, akaubana. Huwa anaubana hivyo na maji yanachuruzika kati ya vidole. Akaubana tena kwa nguvu zaidi. Ulikuwa na unyevu, ndiyo, lakini haukutoa tone. Akaumwaga taratibu na kupangusa mkono kwenye kanga.

Siku ya tatu nilichimba hadi mabegani na ulikuwa vilevile. Maji yote yalikuwa yameshakimbilia kule chini, kwenye lambo lao lililosajiliwa. Nikamwambia mama nitahamia kwa jirani yake, nitachimba cha pili, nitachimba vyote kumi na kimoja, nitaomba likizo. Akasema, "Toka humo mwanangu, utaugua." Akaninyooshea mkono, na alinivuta kwa nguvu ambayo sikujua kuwa bado anayo.

Jioni ile nilimwomba aje Miyuji. Nina bomba uani, hata kama maji yanakuja kwa zamu. Nilimwambia chumba kiko tayari, shuka ziko tayari. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema visima vya wenzake kumi vimefukiwa kwa dole gumba lake pia, sasa yeye aondoke akanywe maji ya bomba wao wabaki?

Asubuhi kabla sijaondoka alichukua ndoo na kata, akaniambia nimsubiri. Nilijua anakwenda wapi na nilimfuata kwa mbali. Aliteremka ukingo wa lile shimo kubwa kwa kujishikilia kwenye mizizi, akapita kwenye samadi ya ng'ombe, akafika kwenye ukingo wa maji ya kijani. Akasimama. Mama yangu akapiga hodi. Hakuna mwenye shimo lile, aliyelichimba ameondoka hata jina lake hatulijui, na bado alipiga hodi. Kisha akainama akachota.

Nyumbani aliyachuja kwa kanga, mara mbili, akayachemsha sana, akakorogea majani mengi na tangawizi na sukari kuficha harufu. Harufu haikufichika. Akanimiminia kikombe changu cha zamani kilichojaa hadi juu, maana mgeni hasafiri bila chai, naye akajimiminia kidogo.

"Sukari imetosha?" akaniuliza.

"Imetosha, mama," nikasema, na nikainywa yote.